MPE MTU KAZI, MPE NA SAUTI

Hotuba kwa wasimamizi, viongozi wa vikundi, na wote wafanyao kazi pamoja, mjini na mashambani



Kila mtu aliyepata kufanya kazi pamoja na wenzake ajua ya kuwa kuna vikundi vya namna mbili. Kuna kikundi ambacho msimamizi akigeuza uso tu, majembe hulala. Na kuna kikundi ambacho msimamizi akiondoka hata juma zima, akirudi huikuta kazi imekwenda mbele. Watu waweza kuwa wa namna moja, vyombo vyao vya namna moja, na pengine hata mshahara ni ule ule. Basi tofauti iko wapi?

Wengi hudhani ya kuwa tofauti iko katika maneno matamu. Msimamizi awasifu watu wake, awaambie kwamba ni hodari, awahutubie kila asubuhi, nao watajaa ari. Lakini wahenga waliliona jambo hili zamani, wakasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ni njema ikija mahali pake, baada ya kazi njema. Lakini sifa peke yake haijengi nyumba wala haizibui mtaro. Wengine hudhani ya kuwa dawa ni ukali. Hapana shaka ukali huleta bidii, lakini ni bidii ya machoni. Mtu huinama anapotazamwa, na akili yake iko kwingine.

Jibu la kweli laweza kuonekana katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile ijulikanayo kwa jina la Eastlands, tangu Pumwani na Kaloleni mpaka Mathare na Dandora. Mitaa hiyo imeona kazi nyingi za pamoja, zilizofaulu na zilizoanguka, na habari zake zafundisha neno moja. Kikundi hupata moyo pale kinapopewa sauti katika kazi yenyewe: watu wajue kazi ni ya nini, wapewe mamlaka ya kuamua sehemu yao, na waone kwa macho yao matokeo ya uamuzi wao.

WAJENZI WA DANDORA

Mwaka 1975 ulianzishwa mpango mkubwa wa makazi huko Dandora, kwa fedha za Serikali ya Kenya, Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango huo ulikuwa wa viwanja 6,000 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Watu hawakupewa nyumba kamili. Viwanja viliwekewa maji, choo na mahali pa kuogea, na mwenye kiwanja akaachiwa kazi ya kujenga vyumba vyake, akisaidiwa na mkopo wa vifaa vya ujenzi.

Ilitazamiwa kwamba watu wangejenga kwa mikono yao wenyewe. Lakini wenye viwanja walikuwa na hesabu zao. Mtu aondokaye nyumbani alfajiri kwenda kazini katika eneo la viwanda, akarudi jioni, atachanganya saruji saa ngapi? Wengi waliona afadhali kuajiri mafundi na kuwasimamia. Wengine, na kati yao walikuwamo wanawake, waliungana katika vikundi vya ujenzi. Walichanga fedha kila mwezi, wakaziweka pamoja, wakajenga chumba kwa mwanachama mmoja, kisha kwa mwingine, kwa zamu, ili kila mmoja apate mahali pa kulala au pa kupangisha. Ulikuwa ni upatu kama ule watu walioujua siku zote, ila huu ulikuwa upatu wa mawe na saruji.

Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini. Kama wakuu wa mpango wangalishika neno la kwanza, wakasema kwamba ni sharti kila mtu abebe mawe mwenyewe, wengi wangalishindwa na viwanja vyao vingaliota nyasi. Lengo lilikuwa nyumba. Njia ya kuifikia nyumba iliachiwa wale waliojua saa zao za kazi, mifuko yao, na majirani zao.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza kwa msimamizi: lishike lengo kwa nguvu, lakini usiishike kila njia. Mwambie seremala mlango uwe wa upana gani na uwe tayari siku gani. Usimfundishe namna ya kushika randa. Ukimfundisha kila jambo, atangoja kila jambo, na siku usipokuwapo mlango hautakuwapo.

VIJANA WA MATHARE

Funzo la pili latoka katika bonde la Mathare. Mwaka 1987 Mkanada mmoja aliyeitwa Bob Munro, aliyekuwa akikaa Nairobi, aliwaona watoto wa Mathare wakicheza kwa mpira uliotengenezwa kwa mifuko ya plastiki na kamba. Kutokana na hayo kikaanzishwa chama cha Mathare Youth Sports Association, kijulikanacho kwa ufupi MYSA. Sharti la chama lilikuwa fupi: vijana wakifanya jambo, chama nacho kitafanya jambo, wasipofanya lolote, chama nacho hakitafanya lolote. Siku zile takataka zilikuwa zimejaa vichochoroni, mitaro ilikuwa imeziba, na maji machafu yalileta maradhi kwa watoto wadogo.

Sasa sikilizeni namna ligi yao ilivyopangwa. Timu ikishinda mchezo hupata pointi 3. Lakini timu ikifanya kazi ya usafi katika mtaa wake na kuimaliza hupata pointi 6, nazo huingia katika hesabu ile ile ya ligi. Kwa hiyo timu yenye miguu hodari na mikono mivivu yaweza kupitwa na timu iliyoshinda michezo michache lakini ikashika reki na koleo. Mtoto wa miaka 12 huielewa hesabu hiyo bila kuelezwa mara mbili. Hapana maneno marefu juu ya wajibu wa raia. Kuna kanuni moja, yajulikana kwa wote, na haimpendelei mtu.

Pengine mtu atasema kwamba hiyo ni hila ya kuwafanyisha watoto kazi kwa kuwaonyesha mpira. Neno hilo lingekuwa la kweli kama mamlaka yangalibaki kwa wakubwa. Lakini uongozi uliwekwa mikononi mwa vijana wenyewe. Waliwachagua viongozi katika kila eneo, wakaketi katika mabaraza yao, wakapanga michezo, wakafundisha timu za wadogo wao, wakawa marefa. Kazi ya kujitolea haikupotea bure. Ilihesabiwa kwa pointi, na waliotangulia walipewa tuzo ya masomo, nayo ililipwa moja kwa moja shuleni kuwa karo.

Hata adabu ya uwanjani ilifikiriwa. Zaidi ya kadi ya manjano na kadi nyekundu, refa wa MYSA alipewa kadi ya kijani, amwonyeshe mchezaji aliyefanya uungwana katika mchezo. Hivyo jicho la refa, ambalo kwa desturi hutafuta makosa tu, lilitakiwa kutafuta wema pia. Ni wasimamizi wangapi wazungukao karakana nzima na kadi nyekundu mkononi, wasiwe na ya kijani hata moja?

Matunda yalionekana. Mwaka 1992 chama kilipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1994 iliundwa timu ya Mathare United. Mwaka 1998 ikatwaa kombe la taifa, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Lakini kombe huwekwa kabatini. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba vijana ambao hapakuwa na mtu wa kuwauliza neno walijifunza kuendesha mkutano, kuweka hesabu, na kuamua ugomvi bila ngumi. Mtu aliyejifunza hayo akiwa na miaka 15 hana haja ya kusukumwa akiwa na miaka 30.

NYUA NA FEDHA ZA MAJIRANI

Dandora nayo ilikuwa na kazi nyingine iliyongoja. Nyumba zake nyingi zimejengwa kuzunguka nyua za wazi. Miaka ilivyopita nyua hizo zikawa majalala, na nyingine zikawa maficho ya waporaji. Katika miaka ya 2010 vijana wa mtaa huo walianza kuzitwaa nyua moja moja. Walizoa takataka, wakapanda nyasi na miti, wakapaka rangi kuta, wakaweka mahali pa watoto kuchezea. Majirani walitoa mchango mdogo ili ua utunzwe. Kisha chama cha Dandora Transformation League kikawa kikiandaa mashindano baina ya vikundi, ionekane ni nani aliyeubadili mtaa wake zaidi.

Kazi ya namna hiyo husimama au huanguka kwa jambo moja, nalo ni fedha. Jirani akishatoa shilingi zake huuliza zimekwenda wapi, na ana haki ya kuuliza. Kikundi ambacho hesabu yake yajulikana na mwenyekiti peke yake hakitaishi muda mrefu, hata kama mwenyekiti ni mwaminifu. Kunyimwa habari humfanya mtu ajione mgeni katika kazi yake mwenyewe. Basi hesabu na isomwe mbele ya wote, na jalada liwe mahali ambapo mwanachama aweza kulifungua. Hilo latia moyo kuliko hotuba kumi.

MAJEMBE YA MURANG'A NA YA MACHAKOS

Wasikilizaji wa mashambani wasidhani ya kuwa haya ni mambo ya mjini tu. Mfano ulio wazi kuliko yote watoka shambani. Baada ya Vita Kuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ilikuwa kazi ya amri, isiyo na malipo, na mzigo wake uliwaangukia zaidi wanawake. Matuta yenyewe yana manufaa, maana mvua ikishuka mteremkoni huuchukua udongo wa kila mtu. Lakini katika mwezi wa Julai 1947 mkutano mkubwa ulikata shauri kwamba wanawake wasiende tena katika kazi hiyo, na baada ya hapo mpango ukakwama. Watu hawakuuchukia udongo wao, waliichukia shokoa.

Huko Machakos nako amri ilikuwapo, na chuki pia. Lakini katika miaka ya 1950 ilishikwa njia nyingine. Ilitumiwa desturi ya Wakamba iitwayo mwethya, yaani majirani kusaidiana kazi kwa zamu. Vikundi vilichagua viongozi wao wenyewe, na mara nyingi waliochaguliwa walikuwa wanawake. Kazi ikaenda kwa haraka kuliko zamani. Na katika miaka iliyofuata uhuru wa 1963 wakulima wengi walichimba matuta kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtu, kwa kuwa walikwisha kuona jinsi maji yanavyobaki shambani na mazao yanavyozidi.

Jembe la Murang'a na jembe la Machakos ni chuma kile kile. Kilichotofautiana ni nani aliyeamua, na faida ilionwa na nani.

HOJA YA MANAHODHA WENGI

Hapa msimamizi mwenye hadhari atauliza: je, kila mtu akipewa sauti, kazi haitaharibika? Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Hoja hii ni ya haki, na yapasa kujibiwa.

Fikirini habari za chombo chenyewe baharini. Nahodha ni mmoja, ndiye aamuaye kwenda Mombasa au Lamu. Lakini usukani umeshikwa na mwingine, tanga lasimamiwa na sarahangi na mabaharia, na chakula ni kazi ya mpishi. Wimbi likija ghafula, aliyeshika usukani hamwendei nahodha kumwomba ruhusa ya kugeuza, hugeuza. Chombo huenda mrama wanapotokea watu wawili wa kuamua jambo moja. Hakiendi mrama kila mtu akiwa na jambo lake moja la kuamua, na wote wakijua waendako.

Basi kutoa mamlaka hakumaanishi kuacha usukani ukielea. Mamlaka yana mpaka, na mpaka huo husemwa mapema. Mtu aambiwe wazi: hili laamua wewe, lile ni sharti uulize kwanza, na hili jingine si letu, limeamuliwa na wakubwa. Fitina nyingi kazini hutokana na mipaka isiyosemwa. Leo mtu aamua jambo akasifiwa. Kesho aamua jambo kama hilo akakaripiwa. Baada ya mara mbili za namna hiyo ataacha kuamua kabisa, na msimamizi ataanza kulalamika kwamba watu wake hawana akili.

Kuna na jambo la makosa. Mtu apewaye uamuzi atakosea siku moja; hapana budi. Msimamizi akimwaibisha mbele ya wenziwe, amewafunga midomo wote waliosimama hapo. Na amwite kando, amwulize aliona nini na alifikiri nini, kisha amwachie airudie kazi ile ile. Huko ndiko kumkuza mtu. Kumnyang'anya kazi ni kumfundisha kwamba usalama uko katika kutofanya lolote.

MOYO HAULI MANENO

Yabaki neno moja ambalo lisiposemwa, yote yaliyotangulia yatakuwa hadaa. Sauti haiwezi kuwa badala ya ujira. Mnamo Mei 1950, baada ya viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku tisa hivi, na wengi wao walikaa katika mitaa hii hii ya mashariki. Walidai viongozi wao wafunguliwe, na walidai mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Watu wale hawakuwa wavivu. Reli, karakana na barabara za jiji zilisimama juu ya mabega yao. Walichokataa ni kuambiwa wawe na moyo huku mshahara hautoshi kodi na unga.

Basi mwajiri asiulete moyo wa kujitolea mahali pa malipo. Kazi ya usafi ya vijana yaweza kuwa ya hiari, kwa sababu mtaa ni wao na faida ni yao. Kazi ambayo faida yake ni ya mwingine, na ilipwe. Kadhalika, kikundi kikimaliza sehemu yake, wakubwa nao wamalize yao. Vijana wakizoa takataka asubuhi nzima, wakazilundika kando ya njia, na gari la kuzichukua lisije mpaka mvua ikazirudisha mtaroni, msiulize baadaye kwa nini hawakutokea mara ya pili.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Kwa kifupi, kiongozi wa kikundi, awe wa karakana ya jua kali Kamukunji, wa chama cha wanawake Dandora, au wa ushirika wa wakulima, na ashike mambo haya:

1. Aseme kazi ni ya nini, kwa maneno machache, mpaka aliye mdogo kuliko wote kikundini aweze kuyarudia.

2. Agawe uamuzi, si mizigo tu, na aseme mpaka wa kila mmoja.

3. Aweke kanuni moja ya kuhesabu kazi, ijulikane na wote, isigeuzwe kwa ajili ya rafiki.

4. Asome hesabu ya fedha mbele ya watu, hata wasipoidai.

5. Atimize upande wake kwanza: ujira, vifaa, na ahadi.

Mnamo Juni 1, 1963, Jomo Kenyatta aliwapa watu wa Kenya neno Harambee liwe mwito wao. Neno lenyewe ni la wabeba mizigo na wavuta kamba: mmoja huita, wengine huitika, na mzigo husogea. Aitaye hasimami mbali akitazama. Naye ameishika kamba, tena huwatazama wenzake kwanza, aone kama miguu yao imekaa sawa, ndipo apaze sauti.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi kuanza, msimamizi na awaulize watu wake swali moja: ni jambo gani la kazi hii mwaweza kuliamua ninyi wenyewe vema kuliko ninavyoliamua mimi? Kisha anyamaze, asikilize majibu yao mpaka mwisho, na katika majibu hayo achague moja la kuanzia siku ile ile.